Jinsi ya kuandika asaimenti yenye uchambuzi: mwongozo kamili kwa mfano wa dagaa wa Ziwa Tanganyika

"Umeeleza, hujachambua." Maneno haya yanarudi kwa wino mwekundu kwenye kazi za wanafunzi wa Kigoma na Tabora muhula baada ya muhula. Mwanafunzi amesoma, amemaliza bando, amejaza kurasa nane, na bado alama haziji. Mara nyingi shida si uvivu. Amekusanya taarifa bila kuzihoji, kisha akazipanga kama zilivyomjia.

Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi nzima, tangu siku unapopewa mada hadi unapokabidhi. Tutatembea na mfano mmoja: kwa nini dagaa wanapungua Ziwa Tanganyika? Nimeuchagua kwa sababu kila mtu Kigoma ana jibu lake tayari, na swali la namna hiyo ndilo linalomwangusha mwanafunzi. Kama uko Tabora na mada yako ni asali, tumbaku au reli, hatua ni hizihizi.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja kwa ajili ya kazi hii peke yake.
- Kalamu za rangi mbili. Moja ni ya maneno ya chanzo, nyingine ni ya mawazo yako. Usizichanganye hata siku moja.
- Simu yenye bando, au nafasi ya kukaa maktaba ya chuo au ya mkoa.
- Barua ya utambulisho kutoka shuleni au chuoni, kama utahoji watu.
- Muda wa siku kumi hivi. Ukibaki na siku mbili tu, usiruke hatua ya 1, ya 4 na ya 7.

Madesa ya mwaka jana yaache pembeni kwanza. Si dhambi kuyasoma, ila ukianza nayo utafikiri kwa kichwa cha aliyeyaandika.

## Hatua ya 1: Geuza mada iwe swali

"Dagaa wa Ziwa Tanganyika" ni mada. Unaweza kuiandikia wiki nzima na usiseme chochote, maana haikudai jibu. Swali ni hili: *Je, kupungua kwa dagaa upande wa Kigoma kunatokana zaidi na uvuvi uliozidi, au na mabadiliko ya ziwa lenyewe?*

Sasa lisome tena polepole. Swali hili limebeba dai tumboni: kwamba dagaa wamepungua. Nani kathibitisha? Kwa kipimo gani? Tangu lini? Wengi hulivuka dai hili kwa sababu kila mtu mtaani analisema. Liandike kwenye kaunta buku kama jambo la kwanza linalohitaji ushahidi.

Swali limekaa sawa pale ambapo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti, na kila mmoja akawa na ushahidi mkononi. Kama jibu ni moja tu na linapatikana kwenye mstari mmoja wa kitabu, rudi ukalinoe.

## Hatua ya 2: Andika jibu lako kabla hujasoma

Mistari mitatu inatosha:

1. Mimi nadhani jibu ni nini?
2. Nimelipata wapi wazo hilo?
3. Ushahidi gani ungenifanya nibadili mawazo?

Mstari wa tatu ndio mgumu, na ndio wenye faida kuliko yote. Mtu anayeamini kwamba nyavu haramu ndizo zimemaliza dagaa ataona nyavu haramu kila ukurasa anaofungua, na kisichotaja nyavu atakiruka. Ukishaandika kwamba "nitabadili mawazo nikikuta samaki walianza kupungua kabla uvuvi haujawa mkubwa", umejiwekea kitu cha kutafuta ambacho kinakupinga. Tutakikuta huko mbele.

## Hatua ya 3: Kusanya vyanzo, kisha ufuate kila dai hadi asili yake

Kwa mada yetu vyanzo viko vya aina nne. Kuna takwimu: ofisi za uvuvi za halmashauri, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) yenye kituo Kigoma, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, inayounganisha Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo. Kuna tafiti za wanasayansi. Kuna wavuvi na wachuuzi wenyewe. Na kuna habari za magazetini na mitandaoni.

Habari ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Nitaonyesha kwa nini.

Utakutana na sentensi hii mara nyingi: "Samaki wa Ziwa Tanganyika wamepungua kwa asilimia 30 kutokana na mabadiliko ya tabianchi." Ifuate ilikotoka na utafika kwenye utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, uliochapishwa katika jarida la *Nature* mwaka 2003. Walisema nini hasa? Kwamba ziwa limepata joto, na maji ya juu hayachanganyiki vizuri tena na maji ya chini yenye virutubisho. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulishuka kwa takriban asilimia 20, kiwango ambacho *kingeashiria* kushuka kwa mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30.

Ona tofauti. Asilimia 30 haikutokana na samaki waliohesabiwa. Ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio mengine, na hayo yakategemea zaidi kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye matope ya chini ya ziwa. Utafiti ni wa kuheshimika na hoja yake ina nguvu, lakini sentensi ya mtandaoni imekata maneno yote ya tahadhari. Mwanafunzi anayeandika "ilikadiriwa" pale wenzake wanapoandika "imethibitishwa" ameanza kuchambua.

Angalizo kuhusu akili unde (AI). Programu hizi zinaweza kukusaidia kupata maneno ya kutafutia au kukufafanulia istilahi ngumu. Usizipe kazi ya kukutafutia marejeo. Hutunga majina ya makala ambayo hayapo, yenye waandishi na mwaka, kwa lugha ya kujiamini kabisa. Chanzo ambacho hujakifungua mwenyewe kisiingie kwenye kazi yako.

Hatua imekamilika ukiwa na vyanzo visivyopungua vitano, angalau kimoja kikipingana na jibu ulilolitoa kwenye hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Hoji kila chanzo

Hapa nitakaa zaidi, na nitaacha dagaa kidogo niende Ujiji, kwa sababu sijaona mfano bora kuliko huu na uko hapohapo nyumbani.

Kila mtoto wa Kigoma anajua kwamba Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, Ujiji mwaka 1871 na kumwamkia: "Dakta Livingstone, bila shaka?" Tuseme umepewa asaimenti juu ya tukio hilo. Uliza maswali manne.

Nani anasema, na alijuaje? Maneno ya salamu ile tunayapata kwa Stanley mwenyewe, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1872. Alikuwepo, kwa hiyo ni shahidi wa macho. Hiyo ni nguvu.

Ana faida gani katika kusema hivyo? Stanley alikuwa mwandishi aliyetumwa na gazeti la *New York Herald*. Simulizi yenye mvuto ndiyo ilikuwa kazi yake. Hilo halimfanyi mwongo, lakini linakutaka utafute mwingine wa kuthibitisha.

Nani mwingine alikuwepo? Livingstone aliandika shajara. Anaeleza jinsi Susi, mtumishi wake, alivyomjia mbio akimwambia kwamba amemwona Mwingereza. Salamu maarufu haimo. Na katika shajara ya Stanley, kurasa zinazohusu mkutano huo zilichanwa.

Vyanzo vinalingana? Stanley anataja tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaweka tukio mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua safarini na hesabu ya siku iliwapotea.

Kuna mtego mwingine. Ukitafuta picha mtandaoni utaona jiwe lililoandikwa majina ya wawili hao huko Mugere, karibu na Bujumbura, na maelezo kwamba walikutana hapo. Jiwe lipo kweli. Lakini linahusu safari waliyoifanya pamoja kaskazini mwa ziwa baadaye mwezi Novemba 1871, wakati walikuwa wameshakutana Ujiji. Picha ni ya kweli, maelezo yake si sahihi. Usikubali kitu kwa sababu tu kina picha.

Kwa hiyo uandike nini? Panga madai yako kwa viwango vitatu:

- Hakika: walikutana Ujiji mwaka 1871. Vyanzo viwili vinakubaliana.
- Inaelekea: ilikuwa kati ya mwisho wa Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba.
- Inadaiwa: maneno ya salamu. Yanategemea mtu mmoja, na ukurasa ambao ungemthibitisha haupo.

Viwango hivi vitatu ndivyo utakavyorudi navyo kwenye dagaa. Katika kaunta buku, mbele ya kila dai andika H, I au D. Ukikuta kila kitu ni H, hujahoji bado.

## Hatua ya 5: Nenda mwaloni, lakini nenda kwa utaratibu

Kama unaishi Kigoma na unaandika juu ya dagaa bila kufika mwalo wa Kibirizi au wa Katonga, mitumbwi inapotua na samaki, umejinyima chanzo ambacho mwanafunzi wa Dar es Salaam angekilipia nauli. Ukiwa Tabora na unaandika juu ya asali, warina wako jirani vilevile.

Anza kwa viongozi wa BMU ya mwalo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi, ukiwa na barua yako. Shikamoo kwanza, jitambulishe, sema kazi ni ya darasani na majina yao hayataandikwa. Usiende alfajiri mitumbwi inapoingia na bei inapigwa. Huo ni muda wa watu kutafuta riziki. Subiri dagaa waanikwe, watu wakae.

Kisha chunga namna ya kuuliza. Ukisema, "Mzee, ni kweli dagaa wameisha kwa sababu ya nyavu haramu?" umeshamtia jibu mdomoni, na kwa adabu tu atakubaliana na wewe. Uliza hivi: "Mzee, usiku wa kawaida mwezi huu mnapata beseni ngapi? Mnatumia taa ngapi? Mnakaa ziwani saa ngapi? Na ulipoanza kazi hii ilikuwaje?"

Taa na saa ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Mvuvi anayepata beseni kumi kwa taa kumi leo, na aliyepata beseni kumi kwa taa mbili zamani, wote wana beseni kumi. Mavuno hayajabadilika, lakini nguvu inayotumika imeongezeka mara tano. Bila kuuliza taa, ungeandika kwamba dagaa wako vilevile.

Tahadhari ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Mwanafunzi akifika mwaloni wiki hiyo atakuta vichanja vitupu, bei juu, watu wanalalamika, na ataandika kwamba ziwa limekwisha. Andika tarehe na hali ya mwezi kila siku unayokwenda. Ikiwezekana nenda mara mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi.

Umefaulu ukiwa na majibu ya watu wanaotofautiana kazi na umri: mvuvi mzee, kijana wa mtumbwi, mama anayeanika, mnunuzi anayepeleka mikoani. Mnunuzi atazungumzia bei, mvuvi atazungumzia upepo. Wakipishana, usimchague mmoja. Andika walipopishana, kwa sababu hapo ndipo kuna jambo.

## Hatua ya 6: Tenganisha sababu na vitu vilivyotokea pamoja

Mambo mawili yakitokea kwa pamoja, si lazima moja limezaa jingine. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi za wanafunzi wazuri.

Chukua hoja ya bei. "Bei ya dagaa imepanda, kwa hiyo dagaa wamepungua." Inawezekana. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoani Kigoma, na ya 2022 ikahesabu 2,470,967. Walaji wameongezeka. Mafuta ya injini nayo hupanda bei. Dagaa wangebaki walewale, bei ingeweza kupanda tu.

Chukua pia kufungwa kwa ziwa. Shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Mwanafunzi anaandika: "Serikali ilifunga ziwa, hivyo ni wazi uvuvi ndio chanzo." Hapana. Uamuzi wa serikali unaonyesha serikali iliona nini, hauthibitishi sababu. Hata mavuno yakiwa makubwa baada ya Agosti, bado una kazi. Miezi hiyohiyo ndiyo pepo za kusini-mashariki huvuma, zikisaidia kupandisha virutubisho kutoka chini. Ziwa lina kina cha takriban mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa lakini ina virutubisho vingi. Sasa mavuno yameletwa na mapumziko au na upepo? Ukiweza kuuliza swali hilo kwenye kazi yako, hata usipolijibu, msomaji atajua anazungumza na mtu anayefikiri.

Wanasayansi wenyewe wamebishana hapa. Baada ya utafiti wa 2003, Jouko Sarvala na wenzake walijibu mwaka 2006 kwamba mabadiliko ya mavuno yanaakisi zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko tabianchi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaja na matope tena: mabaki ya samaki yalianza kupungua *kabla* uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20.

Unakumbuka mstari wa tatu wa hatua ya 2? Huu ndio ushahidi uliosema ungekubadilisha. Usiukimbie.

Chora jedwali la safu nne: dai, ushahidi unaoliunga mkono, maelezo mengine yanayowezekana, na kiwango (H, I, D). Safu ya tatu isibaki tupu hata mstari mmoja.

## Hatua ya 7: Andika aya zinazofikiri

Sasa funga vyanzo vyote na uandike ukiwa na jedwali peke yake. Ukiandika huku umefungua makala ya mtu, sentensi zake zitaingia mkononi mwako bila kujua, na huo ni wizi wa maandishi hata kama hukukusudia.

Kila aya ibebe dai moja, ushahidi wake, maelezo ya kwa nini ushahidi huo unatosha au hautoshi, na mpaka wake. Linganisha.

Aya dhaifu:

> Dagaa wamepungua sana. Hii inasababishwa na uvuvi haramu, ongezeko la watu, mabadiliko ya tabianchi na uchafuzi wa mazingira. Serikali itoe elimu kwa wavuvi.

Sababu nne kwa sentensi moja, hakuna iliyopimwa, na ushauri unakuja kabla ya uchunguzi.

Aya yenye uchambuzi:

> Joto la ziwa huenda limepunguza chakula cha dagaa bila kujali wingi wa wavuvi. O'Reilly na wenzake (2003) walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea midogo ulishuka kwa takriban asilimia 20, na Cohen na wenzake (2016) walikuta mabaki ya samaki yakipungua kabla ya uvuvi wa kibiashara. Tafiti zote mbili zinasoma matope, kwa hiyo zinaeleza mwelekeo wa miaka mingi kuliko hali ya msimu mmoja. Haziwezi peke yake kueleza mabadiliko ya karibuni katika mwalo mmoja, ambako idadi ya taa na nyavu nayo imebadilika.

Aya ya pili haina maneno makubwa. Imesema inachokijua, imesema inakijuaje, na imekubali pale nguvu yake inapoishia. Sentensi ya mwisho ndiyo wanafunzi huogopa kuiandika, wakidhani kukiri mpaka ni udhaifu. Msahihishaji anaitafuta hiyo.

Maneno yakusaidie: *inaonyesha, inaashiria, ilikadiriwa, kwa mujibu wa, hata hivyo, isipokuwa*. Na uyapunguze haya: *ni wazi kwamba, kila mtu anajua, tangu enzi na enzi*.

## Hatua ya 8: Mpe mpinzani wako nafasi ya haki

Andika aya moja kwa niaba ya anayekupinga, kwa nguvu kiasi kwamba yeye mwenyewe angeisaini. Kama hitimisho lako linaegemea joto la ziwa, basi mweleze Sarvala vizuri: kwamba rekodi za mavuno huenda sambamba na zana, masoko na idadi ya wavuvi.

Kisha jibu. Unaweza kumpinga, kukubaliana naye kwa sehemu, au kubadili hitimisho lako. Kwa mada hii mimi naona jibu lenye nguvu zaidi ni kwamba vyote viwili vinafanya kazi pamoja: ziwa lenye joto linazalisha kidogo, hivyo uvuvi uleule uliokuwa wa kawaida unageuka kuwa mzito. Wewe unaweza kufika kwingine, mradi jedwali lako likubebe.

## Hatua ya 9: Ukaguzi kabla ya kupeleka steshenari

Isome kazi kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawe.

Piga mstari chini ya kila tarakimu na kila jina, na uguse chanzo chake kwenye kaunta buku kwa kidole. Kisichogusika kitoke.

Mpe mwenzako asome aya ya kwanza na ya mwisho tu, kisha akwambie swali lako lilikuwa nini na jibu lako ni lipi. Akishindwa, usimweleze kwa mdomo. Rekebisha karatasi mpaka aelewe bila wewe kuwepo.

Mwisho angalia marejeo: kila jina lililotajwa ndani liwe kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwe limetajwa ndani. Wahojiwa wa mwaloni nao waonyeshwe kwa kazi, mahali na tarehe ya mahojiano, bila majina, kama ulivyowaahidi.